Mipira mipana kwa kamyo ya koperative: tupime mbele ya kununua



Mvua ikikaribia, koperative nyingi zinatuuliza swali moja: mipira ya kamyo imekwisha, je, tufunge mipira mipana zaidi ili gari ibebe muzigo mwingi na isikwame ku matope? Jibu letu ni fupi. Upana peke yake hauongezi muzigo, na mara nyingine unaleta hatari.

Jambo hili ni la wote, si la shofere peke yake. Kamyo ni mali ya wanachama, na mara nyingi watu wanakaa juu ya muzigo. Tena, wakati wa kahawa, matunda yaliyovunwa leo yanapaswa kumenywa leo. Yakilala ndani ya mifuko njiani, yanachacha na bei inaanguka. Ndiyo maana tunaeleza hapa namna ya kuchagua.

Kusoma maandishi ku mupira

Tuchukue mfano wa kamyo ndogo yenye mipira 7.50R16. Namba 7.50 ni upana kwa inchi (inchi moja ni sentimita 2,54). Namba 16 ni ukubwa wa janti, pia kwa inchi. R inasema kama mupira ni wa radiali. Kama pahali pa R kuna kistari tu, 7.50-16, ni mupira wa nyuzi zinazopishana. Aina hizi mbili tusizichanganye ku ekseli moja, sababu hazinyumbuki sawasawa.

Kisha kuna namba kama 122/118. Hizi ndizo zinazosema muzigo. 122 maana yake ni kilo 1 500 kwa mupira ulio peke yake, kama mbele. 118 ni kilo 1 320 kwa kila mupira ukiwa pacha, kama nyuma. Basi mipira 4 ya nyuma inaweza kubeba kilo 5 280 kwa jumla, kama upepo ni ule unaotakiwa.

Muzigo unaamuliwa na gari

Kila kamyo iko na kibao kinachoonyesha uzito ambao kila ekseli inaruhusiwa kubeba. Tuseme kibao kinasema kilo 5 000 nyuma. Hata ukifunga mipira ya kubeba kilo 7 000, springi, janti na freni zinabaki za kilo 5 000. Mupira hautapasuka, lakini ku mteremko freni zitashindwa. Tukumbuke pia kama uzito wa kibao unahesabu gari yenyewe, mazuti na watu, si mifuko peke yake.

Nafasi kati ya mipira pacha

Hapa ndipo makosa mengi yanafanyika. Mipira miwili ya nyuma haipaswi kugusana. Pima kutoka katikati ya mupira mmoja mpaka katikati ya mwenzake, kisha toa upana kamili wa mupira. Tuseme ulipata sentimita 24. Mupira 7.50R16 uko na upana wa karibu sentimita 21,5 kwenye mbavu: inabaki nafasi ya sentimita 2,5. Mupira 8.25R16 uko na karibu sentimita 23,5: inabaki nusu sentimita tu. Muzigo ukipanda, mbavu zinavimba, mipira inasuguana, inapata moto, na safari inaishia kwa mupira kupasuka. Nafasi ikiwa ndogo, mawe pia yanabanwa mule.

Mupira mpana unaomba pia janti yenye upana wake. Ukiufunga ku janti nyembamba kupita kiasi, unavimba katikati na kuliwa vibaya.

Mupira mpana mara nyingi ni mrefu pia

8.25R16 inapita 7.50R16 kwa karibu sentimita 5 za urefu, kutoka chini mpaka juu. Matokeo ni matatu. Motere inachoka zaidi ku mupando, ni kama umeongeza vitesi bila kupenda. Freni zinapata kazi kubwa zaidi. Na kontere inadanganya: inaonyesha 60 wakati gari iko na karibu 64. Tena mbele, usukani ukigeuzwa mpaka mwisho, mupira unaweza kugusa springi.

Na matope?

Kwa muzigo uleule na upepo uleule, mupira mpana unagusa udongo kwa eneo lililo karibu sawa na lile la mupira mwembamba. Faida inakuja ukipunguza upepo, lakini gari yenye muzigo haipaswi kupunguzwa upepo hivyo. Ku barabara zetu za milima, pale matope ni membamba juu ya udongo mgumu, mupira mwembamba unayakata na kufika ku ugumu. Mupira mpana unasaidia zaidi ku mchanga. Kwa matope, tuangalie kwanza meno: yawe marefu, yenye nafasi ya kutema udongo. Na salongo ya kuzibua mitaro ya maji mara nyingi inasaidia gari kupita mipira mipya.

Mipira ya okazioni

Tafuta neno DOT ubavuni. Namba 4 za mwisho ni juma na mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanashauri mupira usipite miaka 10, hata kama meno yangali mazuri, sababu kaucho inakauka na kupasuka.

Mbele ya kulipa, komite iulize:

1. Ukubwa huu umeandikwa ku kibao au ku kitabu cha gari? Kama haumo, tubaki na ule wa zamani.
2. Namba ya muzigo iko sawa au zaidi ya ile ya zamani?
3. Nafasi ya mipira pacha imepimwa gari ikiwa na muzigo?
4. Janti inakubali upana huo? Mupira wa ndani ni wa ukubwa uleule?
5. Mipira 4 ya nyuma iko na urefu mmoja? Mrefu zaidi ndio utabeba muzigo wa mwenzake.
6. Mupira wa akiba utaingia pahali pa mingine bila shida?

Ikisha kufungwa, nati zikazwe tena nyuma ya kilometa 50 hadi 100. Upepo upimwe asubuhi, mipira ikiwa baridi. Ukiupima njiani mupira ukiwa moto, namba itakuwa juu. Usitoe upepo: ukipoa, utakuwa chini ya kipimo.

Kama makuta yanatosha mipira mipana minne, tuulize kama yanaweza kutosha pia mipira sita mizuri ya ukubwa unaotakiwa. Tunashauri hii ya pili, na safari moja zaidi pahali pa mifuko kumi zaidi.