Kovu Linalofunga Titi la Binti

Mama msomaji, hapa Lubumbashi twapika kwa makala, na mbabula hukaa chini, pale pale watoto wanapocheza. Maji ya bukari yakimwagika, kifua cha mtoto huungua. Kidonda hupona, lakini kovu hujikaza mwezi kwa mwezi, kama ngozi ya ngoma ikianikwa juani.

Miaka hupita. Wenzake wanaota matiti; yeye upande mmoja ni bapa, naye aona haya kuoga na wenzake. Usidhani titi limekufa! Mara nyingi lingali hai chini ya kovu, limefungwa tu. Mpasuaji hulikata kovu, kisha huziba nafasi kwa ngozi nyembamba ya paja, na titi hupata njia ya kukua. Basi mlete linapoanza kuota, usingoje aolewe.

Hata wanawake waliowekewa mifuko ya silikoni, kazi iliyoanza Houston, Marekani, mwaka 1962, wengine hubanwa hivyo: kovu huuzunguka mfuko na kuukaza, wakapasuliwa tena.

Ngozi mpya nayo hupenda kujikunja. Mganga akisharuhusu, binti ainue mkono juu kila asubuhi na jioni, hata akinung'unika.