Mionzi inayosaka saratani ya matiti

Wadau, ukitaja mionzi kijiweni watu wanakumbuka Hiroshima na Chernobyl, mjadala unaishia hapo. Leo naomba dakika zenu chache, maana kuna mionzi ambayo kazi yake ni kumwonyesha daktari saratani ya matiti imejificha wapi na, kubwa zaidi, ni ya aina gani.

Hapo kwenye aina ndipo penye kazi. Saratani nyingi za matiti, kama 7 kati ya 10, huchochewa na homoni ya estrojeni. Seli zake zina vipokezi, yaani kama vitasa vya mlango, na estrojeni ndiyo ufunguo. Mgonjwa wa namna hii hupewa dawa kama tamoksifeni, inayoziba kitasa. Tatizo ni kwamba saratani ikirudi na kusambaa kwenye mifupa au mapafu, inaweza kuwa imepoteza vile vitasa. Mama anameza vidonge, ugonjwa unasonga mbele. Kuchukua kinyama cha kupima? Sawa, lakini huwezi kumchoma mtu mgongoni, nyongani na mbavuni kwa pamoja.

Sasa jamaa wa Marekani wakajiuliza: kwa nini tusiufuatilie ufunguo wenyewe? Miaka ya 1980, mkemia John Katzenellenbogen wa Chuo Kikuu cha Illinois na mwenzake Michael Welch wa Washington University, St. Louis, walifanya kazi ya kuipachika estrojeni chembe yenye mionzi, florini-18. Dawa hiyo inaitwa FES. Kazi haikuwa ndogo, kwani ufunguo ukiuongezea kitu unaweza kugoma kuingia kitasani. Ikabidi watafute sehemu ambayo florini ikikaa, ufunguo bado unaingia.

Kikwazo kingine ni saa. Florini-18 hutengenezwa kwenye mashine ya saiklotroni, na kila dakika 110 nusu ya mionzi yake inakwisha. Ukitengeneza asubuhi ukazembea mpaka jioni, umebaki na makombo. Ndiyo maana Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilipoanzisha kipimo cha PET mwaka 2018, iliweka na saiklotroni yake hapohapo.

Kipimo chenyewe kikoje? Unachomwa FES kidogo sana mshipani, unasubiri kama dakika 80, halafu unalala kwenye mashine ya PET. Penye vitasa FES imenasa, na pale picha inawaka. Uvimbe unaoonekana kwenye CT lakini hauwaki huenda umeshapoteza vitasa, na daktari anaanza kufikiria tiba nyingine.

Msidhani ni muujiza lakini. Ini ndilo linaloichambua FES, kwa hiyo lenyewe linawaka na uvimbe wa ndani yake haujulikani. Aliye kwenye tamoksifeni naye picha yake inaweza kudanganya, maana vitasa vimeshazibwa. Wala hakiondoi kipimo cha kinyama pale ugonjwa unapogunduliwa mara ya kwanza.

Kinachoniuma mimi ni muda. Picha za kwanza za FES kwa wagonjwa zilichapishwa mwaka 1988. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa hiyo Mei 2020. Miaka 32! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ameshakuwa mtu mzima na watoto wake.

Sisemi mkimbilie FES kesho, si kila hospitali inayo. Ila kama una mama, dada au shangazi ambaye saratani ya matiti imemrudia, mwambie amuulize daktari: "Hii iliyorudi bado ina vipokezi vya homoni, au tunatumia majibu ya zamani?" Swali hilo halihitaji saiklotroni, na linaweza kubadilisha matibabu yote.

Nawasilisha. Madaktari mliomo humu, karibuni muongezee.