Walipima vumbi letu, majibu yako wapi?

Siku ya Mungu ya mwisho wa mwezi, kisha misa, tulikaa na familia za wachimbaji hapa Nyantende, chini ya miti ya avoka. Watu walikuja wengi kuliko vile tulikuwa tunangojea, juu wababa wengi walikuwa wamerudi kutoka machimbo: wengine Nzibira, wengine Nyabibwe, wengine Kamituga kule mbali. Jambo lilikuwa moja, barua. Timu ya watafiti inaomba sendika iwape ruhusa waje kwenye mashimo, wapime vumbi, watwae maji ya mto, na wawaangalie wachimbaji macho. Mwenzetu aliisoma kwa Kifaransa, akaifasiri polepole. Alipomaliza, mama mmoja mjane akasimama.

« Wale wa kwanza walitwaa damu ya bwana yangu. Jibu lake liko wapi? »

Hakuna aliyefungua kinywa. Sisi wa komite tulikuwa pale ile siku wale wa kwanza walipokuja. Walikuja na jeep, wakagawa sabuni na jus, wakatwaa damu, mikojo na nywele, kila mtu akapewa kikaratasi chenye namba. Walisema watarudi kisha miezi sita. Ile miezi sita imekuwa miaka. Hatutawataja jina hapa, juu hasira yetu si ya mtu mmoja, ni ya desturi. Bwana wa yule mama alikufa akikohoa. Kikaratasi chake kingali ndani ya kitabu cha maombi cha nyumbani.

Vijana walitaka tukatae barua papo hapo. Waliposema « tusiwe tena panya wao wa kujaribia », watu walipiga makofi. Tunawaelewa. Lakini kwa majuma kadhaa mbele ya mkutano tulikuwa tumefanya kazi moja ambayo hatukuizoea: kutafuta yale ambayo watafiti wamekwisha kuona juu ya kazi yetu na mashamba yetu. Mwalimu mmoja wa fizikia wa sekondari alitusaidia kusoma. Kumbe majibu mengine yako. Yamechapwa, mengi kwa Kiingereza, na yanalala mbali na shimo. Ndiyo tuliyowaeleza watu, na ndiyo tunayoandika hapa kwa wale ambao hawakuwa.

Tuanze na vumbi. Coltan tunayobeba mgongoni ina tantale ndani, ndiyo wanunuzi wanaitafuta. Lakini katika jiwe lile lile mna urani kidogo na thori kidogo, vimefungwa humo tangu jiwe lilipoumbwa. Vitu hivi vinatoa mnururisho, nao hauna harufu, hauna rangi, wala hauumi. Wanaupima kwa kipimo kinaitwa milisiverti. Mtu wa kawaida, ukichukua wastani wa dunia nzima, anapata karibu milisiverti 2,4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na chakulani. Yule ambaye kazi yake ni ya mnururisho, mpaka wake wa kimataifa ni 20 kwa mwaka, ukigawanya hesabu ya miaka mitano. Mwaka 2007 Mustapha na wenzake walichapa vipimo vya wachimbaji wa coltan wa mashariki ya Kongo. Waliona kwamba kusaga na kuchekecha coltan kunaweza kumfikisha mtu karibu na 18 kwa mwaka.

Tusome vizuri hapo. Hawasemi yule anayeshuka shimoni, hawasemi yule anayebeba mfuko. Wanasema yule anayesaga na kuchekecha, juu vumbi linaingia puani na kukaa ndani. Na nani anakaa kwenye kinu na chekeche? Mara nyingi ni wamama na vijana, wale ambao hata kwenye daftari ya shimo hawaandikwi.

Mwalimu alituonya tusikimbie na hiyo 18. Ni hesabu ya yule anayepata vumbi jingi zaidi, si ya kila mtu. Alisema tena, na sisi tunakubali, kwamba katika vumbi lile lile kuna adui mwingine mkubwa zaidi: silika, unga wa lile jiwe jeupe ambalo mara nyingi linashikamana na dhahabu, hata na coltan. Silika inatia makovu kwenye mapafu, na mapafu yenye makovu yanakamatwa upesi na kifua kikuu. Wangapi tumewazika tukisema ni kifua kikuu tu, au ni sumu ya jirani?

Sasa habari iliyotufurahisha. Kule Naijeria ya kaskazini wachimbaji wadogo wanasaga mawe ya dhahabu kwa mashine, na mawe yao yana madini ya risasi (plomb, hapana ile ya bunduki). Watafiti walifanya jaribio ambalo hata mtoto anaweza kulielewa. Walipima vumbi mashine zikisaga kukavu. Kisha wakaweka vinyunyizio vya maji membamba kama ukungu, wakapima tena. Mwaka 2019 walichapa jibu: silika hewani ilipungua kwa asilimia 80, risasi kwa asilimia 95. Maji tu! Hapana dawa, hapana mashine ya Ulaya ya maelfu ya dola.

Tulijaribu nasi, bila vipimo. Pahali pamoja pa kutwangia, wamama, wale Kamituga wanawaita twangaises, walitoboa bidon wakaitundika juu ya vinu. Vumbi lilianguka, hiyo kila mtu aliiona kwa macho. Lakini mnunuzi alipofika akasema mchanga umelowa, akakata kilo kwenye mzani, na alikata nyingi kuliko maji yaliyokuwamo. Siku ya pili bidon ilikuwa imeshushwa. Kwa hiyo tunasema kwa watafiti: mkileta maji, leteni na mzani. Jaribio lisilohesabu bei ya jioni halidumu hata juma moja katika shimo.

Jicho halingoji

Hapa mkutano ulinyamaza kabisa, juu kila familia iko na mtu wake. Kijana mmoja wetu, wa miaka ishirini na kitu, alirukiwa na kipande cha jiwe akipiga nyundo bila miwani. Alilala siku mbili shimoni, juu zamu haikuwa imekwisha. Wenzake walimtilia maji ya majani machoni. Siku ya tatu jicho lilikuwa jeupe. Leo anafanya kazi ya kuchunga mlango.

Zamani tulisema ni bahati mbaya. Sasa tunajua ni saa. Kule Nepal, katika wilaya ya Bhaktapur, watafiti walifuata watu karibu elfu 35 kwa miaka miwili. Waliwafundisha watu wa vijiji, hapana waganga, kuangalia jicho lililokwaruzwa: unatia rangi ya njano, unamulika na tochi ya buluu, mkwaruzo unaonekana. Kila aliyekutwa na mkwaruzo alipewa pomadi ya macho ya kloramfenikoli, mara tatu kwa siku, siku tatu. Walikuwa watu 442. Hawakumwacha mtu bila dawa ili waone atakuwaje, hiyo ingekuwa dhambi. Walichofanya ni kulinganisha saa. Waliofika kabla ya saa 18 kupita, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda cha jicho. Waliofika kati ya saa 18 na 24, wanne kati ya 109. Waliongoja mpaka kati ya saa 24 na 48, kumi na wanne kati ya 49.

Wapige hesabu wale wanaopenda hesabu. Kutoka sifuri mpaka zaidi ya mtu mmoja kwa kila wanne, na kilichobadilika ni saa tu. Matokeo haya yamechapwa tangu 2001. Sisi tumeyajua mwaka huu.

Na maji ya majani? Mwaka 1994 waganga wa macho waliofanya kazi Tanzania walichapa kwamba karibu robo ya vidonda vya kioo cha jicho walivyoviona vilikuwa na historia ya dawa za kienyeji. Hatuwasemi vibaya wazee wetu, wana dawa nyingi zenye faida. Lakini jani lililosagwa kwa mikono ya shimo, ndani ya jicho lililopasuka, linapeleka uchafu mahali ambapo mlango uko wazi.

Basi tumepatana hivi, na nesi wa hapa amekubali kutufundisha: kwenye kila shimo ambako tuko na wanachama, mtu mmoja atatunza boksi ya maji safi na pomadi. Jicho likikwaruzwa, kazi inasimama kwa yule mtu, na zamu yake haikatwi. Kama jiwe limechoma ndani, au jicho linatoa maji kama ya yai, hakuna kusugua, hakuna kuchomoa, hakuna pomadi: linafunikwa bila kukandamizwa, na moto inamshusha Bukavu kwa muganga wa macho siku ile ile. Ile « zamu yake haikatwi » imetuletea matata na wenye mashimo wawili. Tutaendelea nao.

Maharagi yalijibiwa mbele yetu

Wamama walituuliza: mbona watu wa mashamba wanapata majibu, na watu wa mashimo hapana? Ni swali la haki. Kule Mulungu, kwenye kituo cha INERA, wamejaribu mbegu za maharagi kwa miaka mingi, na kati ya zile zilizofika mashambani mwetu kuna zenye chuma kingi. Chuma hicho si cha msumari, ni kile cha damu. Mwaka 2013 ng'ambo ya Ruzizi, Huye, wasichana 195 wa chuo kikuu walikula maharagi kwa siku 128, wengine yale yenye chuma kingi, wengine ya kawaida. Waliokula yenye chuma kingi damu yao ilipanda zaidi. Mama mwenye mimba ambaye bwana yake yuko Kamituga na hatumi franga hana haja ya kujua Kiingereza ili afaidike na hiyo. Anahitaji kilo mbili za mbegu.

Hata ule ugonjwa wa migomba, wilt, ulioingia kwa Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuteremka mpaka kwetu. Kwanza walituambia tung'oe shina lote na watoto wake wote. Nani ana nguvu ya kung'oa shamba, wababa wote wako machimboni? Watafiti wakajaribu tena katika mashamba ya Kivu, pamoja na wenye migomba, wakaona kwamba ugonjwa haufiki kwa kila mtoto wa shina. Sasa wanasema: kata ule mmoja ulio mgonjwa, chini kabisa, upitishe kisu motoni, urudi kuangalia mara kwa mara, na ua la dume uliondoe kwa kijiti cha panda. Walibadilisha neno lao juu jaribio liliwaambia hivyo, na juu wenye shamba waliwaambia kazi ya kwanza haiwezekani. Hiyo ndiyo tunataka kwa shimo.

Neno fupi tu kwa wale wa familia wanaokaa Bukavu upande wa Funu. Mlima wenu unapimwa. Kwa picha za ndege za zamani na kwa satelaiti, watafiti wamefuata vile mteremko wa Funu unatembea tangu miaka 70 hivi, na mwaka 2022 walionyesha kwamba pande zingine zimeongeza mwendo kwa sababu ya vile mji umejengwa juu yake, maji yanavyoelekezwa yakiwemo. Mchimbaji haitaji kufundishwa maana ya udongo uliolowa. Lakini kama satelaiti inaona nyumba yako ikisogea, ni vizuri mwenye nyumba naye aambiwe.

Tulirudi kwenye barua. Wengi hawakutaka tena kukataa. Walitaka tujibu hivi: mje, lakini matokeo ya kila mtu arudishiwe mwenyewe, kwa Kiswahili ao kwa Mashi, ndani ya siku ambayo tutaiandika pamoja. Wanaotwanga na kuchekecha wapimwe wa kwanza, hapana wa mwisho. Atakayekutwa mgonjwa, mseme mbele ya kuanza nani atalipa dawa yake. Na mwenye kukataa kutolewa damu asinyimwe sabuni. Hiyo ya sabuni iliwachekesha watu, lakini ilipita kwa mikono yote.

Tulipokuwa tunafunga, yule mama mjane alikuja mbele. Alikuwa ametuma mtoto nyumbani. Alifungua kitabu cha maombi, akatoa kile kikaratasi, kimekunjika mara nne, namba bado inasomeka. Akasema tuiandike ndani ya barua, ili hao wapya wawaulize wenzao.

Tuliiandika. Barua iliondoka siku ya pili na taksi ya kwanza ya asubuhi.