Dawa za Bure Hulipiwa na Nani?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Lakini muhula uliopita nilimpeleka nyanya yangu zahanati. Muuguzi alimpima shinikizo la damu vizuri, kisha akampa karatasi. "Dawa zimekwisha, mama. Nunueni dukani." Njiani nyanya akaniuliza, "Kwani si walisema ni bure?" Sikuwa na jibu. Nimelitafuta, nalo ni hili.

Mwaka wa 1965 serikali yetu ya Kenya iliondoa ada kwa wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Desemba 1989 ada ikarudi kwa jina la kugawana gharama. Juni 2013 ada ya zahanati na vituo vya afya ikafutwa tena, na akina mama wakaanza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma. Mwaka huo huo huduma nyingi za afya zikakabidhiwa kaunti.

Basi "bure" maana yake ni kwamba mgonjwa halipi mlangoni. Mlipaji bado yupo, naye ni sisi sote. Hata ukinunua sabuni umetoa ushuru. Fedha hizo huingia Hazina Kuu, nyingine hupelekwa kaunti, nazo kaunti hununua dawa na kulipa wauguzi. Pia sheria ya 2023 iliunda Hazina ya Afya ya Msingi ili kulipia huduma za zahanati na vituo vya afya. Fedha zikikwama mahali popote, rafu hubaki tupu, na tiba ati ni bure!

Tena hasara haiishii hapo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Jirani yetu ni mmoja wao. Ndiye aliyempima nyanya nyumbani akamtuma zahanati. Sasa kama huko hakuna dawa, si kazi yake imepotea bure?

Wenzangu, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya. Kaunti nazo hutakiwa kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Wazazi wetu waende, waulize dawa zimetengewa shilingi ngapi.

Nyanya nimemjibu hivi: "Ni bure, lakini ulikwisha kuzilipia. Kwa hivyo una haki ya kuuliza ziko wapi."

Mwanachama, Kidato cha Tatu