Kamba Kati ya Iyangura na Kahindo

Hadithi ya shabiki ni hadithi mpya ambayo msomaji anaitunga kwa kutumia wahusika wa mtunzi mwingine. Wahusika wawili anaowaweka pamoja huitwa jozi. Jozi za wanaume wawili zimejaa tele. Za wanawake wawili ni chache, na kama mtunzi wa kwanza hakuwajali sana wanawake hao, utazitafuta usiku kucha. Mimi huandika jozi kama hizo, na ninayotaka kuieleza inatoka Walikale, katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga.

Candi Rureke aliuimba na kuutamba mwaka 1956. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga, wakauchapisha mwaka 1969 kwa Kinyanga na Kiingereza. Mtemi Shemwindo anawaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Anazaliwa Mwindo. Baba anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, naye anafika kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye Shemwindo anakimbilia kuzimu. Mwindo anamfuata, akimwachia Iyangura ncha ya kamba: ikiacha kutikisika, ajue amekufa.

Huko chini anakutana na Kahindo, binti Muisa, anayeugua buba. Kahindo anamfichulia mitego ya baba yake: akikaribishwa kiti akatae, akipewa pombe akatae. Mwindo anamwosha vidonda. Lakini kumwoa hataki, ataoa kwao Tubondo.

Iyangura na Kahindo hawakutani hata mara moja. Hata hivyo, Muisa anapomuua Mwindo kwa mkanda wake wa ajabu, kamba inatulia, na Iyangura analia huko juu. Mwanamke mmoja ameshika ncha, mwingine yuko kuzimu ilikoishia, na kijana waliyemsaidia wote wawili hapumui. Rureke anamrudia Mwindo upesi, na ni haki yake, shujaa ndiye huyo. Mimi nilibaki na kamba. Kahindo akiigusa, Iyangura atadhani ni nani? Hadithi yangu yote iko hapo.

Kwa hiyo, ukitafuta jozi adimu, usianze na majina mawili. Anza na kitu kinachowaunganisha, au mtu waliyemhudumia wote. Katika Archive of Our Own, ghala kubwa la hadithi hizi mtandaoni, mkwaju kati ya majina ni mapenzi, na alama ya & ni urafiki au undugu. Wanawake wengi wamefichwa chini ya &, au nyuma ya jozi kubwa ya wanaume. Mimi huchagua jina la mwanamke mmoja, naondoa jozi maarufu, nasoma zinazobaki. Ukipenda moja, mwandikie mtunzi. Huenda wewe ni msomaji wake wa nne. Tangu 2003 kuna pia Yuletide, ambapo kila Desemba watu huandikiana hadithi juu ya kazi zenye mashabiki wachache.

Yangu niliiwekea &. Kazi ngumu ilikuwa kuamua Kahindo amwiteje Iyangura. Hakuolewa na Mwindo, basi hawezi kusema shangazi. Nikachagua mama, kama tunavyomwita huku Masisi mwanamke mzima tusiyemjua.

Wapo wanaosema kwamba huku ni kuchezea urithi. Sikubali. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha matoleo ya watambaji wengine, nayo hayafanani na la Rureke. Ninachodai kwa mwandishi ni kuonyesha wazi Rureke anaishia wapi na yeye anaanzia wapi, maana vita imewatawanya watu wa Walikale na Masisi, na mtoto aliyekulia kambini anaweza kuusikia utendi huu kwangu kwanza.

Kama una bibi Mnyanga, awe Goma, Bukavu au Kisangani, muulize Kahindo alibaki na nani Mwindo alipopanda juu. Andika jibu kwa lugha aliyolisemea, uniletee.