Meteo ya bure ao ya kulipia: ipi inafaa mukulima wa Musienene?

Mama mwenye kuanika maharagi asubuhi hapa Musienene hana shida ya kuambiwa kama mwezi wa kumi ni wa mvua. Ile anaijua tangu utoto. Yeye anataka kujua kama leo, saa nane za muchana, mvua itanyesha juu ya shitingi yake ao itapitia upande wa Butembo. Mwenye kupakia kabichi kwenye gari ya kwenda Beni naye anauliza vilevile, juu njia ya matope inaweza kula siku nzima, na kabichi haingoji.

Siku hizi telefone inatoa majibu mengi. Kuna programu za bure, na kuna zingine zinakuambia: lipa dolari kidogo kila mwezi, tutakuonyesha mvua saa kwa saa. Je, ile ya kulipia inaona mvua mbele ya ile ya bure? Kwa huku kwetu, mara nyingi hapana, na sababu yake inafaa kuelezwa polepole.

Hakuna kampuni yenye kutabiri mvua kwa kuanza na sifuri. Utabiri unaanza na vipimo vya joto, upepo, unyevu na nguvu ya hewa, vyenye kuchukuliwa na satelaiti, ndege, meli na vituo vya chini. Serikali za dunia zinabadilishana vipimo hivyo kupitia Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO), na mwaka 1995 zilikubaliana kwamba vile vya lazima vitatolewa bure. Kisha ordinatere kubwa sana zinapiga hesabu. Hesabu ya Marekani, yenye kuitwa GFS, inapigwa mara 4 kwa siku, na kila mutu duniani anaweza kuichukua bila kulipa. Ya Ulaya inatoka kwenye kituo cha ECMWF, kule Reading, Uingereza, chenye kulipiwa na serikali za nchi nyingi. Programu nyingi za biashara zinachukua hesabu hizo, zinazichanganya, zinaweka picha ya wingu na jua, zinakuuzia. Kampuni zingine zinaongeza kazi yao ya kweli, kama AccuWeather ya Marekani, ambayo iko katika biashara hii tangu 1962. Lakini musingi ni ule ule, na ulilipiwa kwa kodi za watu.

Shida yetu iko kwenye musingi wenyewe. GFS inakata dunia katika miraba. Katika zile hesabu zenye kutolewa bure, kila muraba huku karibu na ikweta una upana wa kilomita 28 hivi. Butembo, Musienene na vilima vyote vya katikati vinaweza kuingia ndani ya muraba moja, na ordinatere inaviona kama pahali pamoja penye urefu moja. Sisi tunajua si hivyo. Mvua yetu ya alasiri inazaliwa papo hapo: jua linapasha kilima, hewa yenye unyevu inapanda, wingu linajaa, na kwa saa moja kijiji kimoja kinafurika wakati jirani anaendelea kuanika. Ulaya, mvua nyingi zinaletwa na mawingu makubwa yenye kusafiri siku kadhaa, unaweza kuyafuata kama unavyofuata lori njiani. Mvua yetu ni kama mbuzi aliyekata kamba.

Ndiyo sababu ukiona kwenye telefone "asilimia 40", usisome kwamba mvua itanyesha kidogo, ao kwamba itanyesha kwa asilimia 40 ya siku. Maana yake ni hii: katika siku 10 zenye kufanana na leo, karibu 4 zitapata mvua. Anika, lakini usiende mbali na shitingi.

Sasa, serikali. Kongo iko na shirika lake la meteo, Mettelsat, lenye kiti Kinshasa. Kazi yake ni kupima na kuonya, tena bure. Lakini vituo vingi vya kupima vilivyoachwa na ukoloni vilikufa, nchi ni kubwa, na vita haikusaidia. Kwa mwenye kulima kule kilimani, matangazo ya Kinshasa yanakuwa mapana mno. Hapa watu wengi wanakata tamaa na kusema heri kulipa. Wanasahau kwamba meteo ya bure ya serikali haikatazwi na mupaka. Uganda inatoa utabiri wa musimu wenye kutaja hata wilaya ya Kasese, ngambo tu ya Kasindi. Mwenye kukaa upande wa Beni ao mvuvi wa Ziwa Edward anaweza kuutumia bila aibu. Kituo cha ICPAC, Nairobi, kinafanya vile kwa Afrika Mashariki nzima. Na kwa utabiri wa kila siku kuna Yr, kazi ya shirika la meteo la Norwe pamoja na redio-televisheni ya taifa yao, iliyofunguliwa mwaka 2007. Inatoa utabiri wa sehemu za dunia nzima, si wa Norwe tu, na haiombi hata franka moja. Walipakodi wa Norwe njo wanatulipia.

Basi pesa inanunua nini? Mara nyingi inanunua urahisi. Kule Ghana, kampuni ya Uswidi yenye jina Ignitia inauzia wakulima utabiri kwa SMS, na malipo yanakatwa kidogo kidogo kwenye unite. Yenyewe ilitengeneza hesabu yake kwa ajili ya mvua za nchi za joto, na SMS inafika hata kwenye telefone ndogo isiyo na intaneti. Hapo mutu analipia kitu cha kweli. Lakini kampuni ikikuahidi mvua "baada ya minuti 15", iulize: rada yenu iko wapi? Kituo chenu cha karibu na Musienene ni kipi? Ikishindwa kujibu, inakuuzia muraba ule ule wa kilomita 28.

Kuna njia ya kuhakikisha mbele ya kulipa, na haina gharama. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, mudomo sawa na chini. Liweke wazi, mbali na muti na paa. Kila asubuhi saa moja pima maji kwa rula, andika, kisha mwaga. Milimita 10 ni litre 10 za maji juu ya kila metre moja ya muraba. Pembeni andika kile programu ya bure ilisema jana jioni, na kile ya kulipia ilisema, kama inatoa siku za kujaribu. Fanya hivyo mwezi muzima. Lakini angalisho: katika mwezi wa mvua, hata mutu mwenye kusema "itanyesha" kila siku atapata mara nyingi. Angalia zaidi siku ambazo programu ilisema haitanyesha. Ile njo inakuharibia maharagi.

Jambo moja halifai kabisa kuwekwa kwenye soko, nalo ni onyo la hatari. Mwanzoni mwa mwezi wa tano 2023, mvua iliua watu zaidi ya 130 Rwanda. Siku mbili tu nyuma, tarehe 4, maji na mawe vilifunika Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, Kivu ya Kusini, na zaidi ya watu 400 walikufa. Umoja wa Mataifa uliweka lengo kwamba kufikia mwisho wa 2027 kila mutu duniani awe anapata onyo mapema. Onyo la namna hiyo linapashwa kutoka serikalini na kufika kwa wote, mwenye dolari na asiye nayo, kwa redio, kwa chifu, kwa kengele ya kanisa.

Kwa kazi ya kila siku, koperative ya wakulima 200 yenye kugawana bei ya SMS moja inaweza kupata faida, kama kopo lao la mvua limeonyesha tofauti. Mutu peke yake, mwenye shamba dogo, aanze na ya bure.