Nesi Mwenye Gwanda

Mtu akisema anafanya kazi ya unesi gerezani, huulizwa kwanza kama haogopi. Hofu ipo siku za mwanzo, kisha huisha yenyewe, maana mfungwa anayeumwa jino hulia kama mtu yeyote anayeumwa jino. Jambo linalowasumbua hata wenye miaka mingi kazini ni kuaminiwa na mgonjwa.

Hapa Tanzania muuguzi wa gereza kwa kawaida ni askari: ana cheo, ana gwanda, na mgonjwa humwita afande. Mtu wa mtaani asiporidhika na zahanati moja huenda nyingine. Mahabusu hana pa kwenda. Akishuku kwamba maneno yake yatamfikia mkuu wa gereza, atanyamaza. Hatasema amepigwa usiku bwenini, hatataja usaha unaomtoka, hatasema kwamba huko nje alikuwa akimeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kila siku ya ukimya wake ni dozi iliyorukwa.

Ndiyo maana naithamini sana ile saa ya kumpokea mgeni. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka kila anayeingia gerezani apimwe afya mapema iwezekanavyo, tena kwa faragha. Faragha gerezani huanzia kwenye kiti. Kiweke upande wa ndani, mbali na mlango, ili askari wa zamu amwone mgonjwa lakini asisikie anachosema. Kisha uliza taratibu: unakohoa tangu lini? Usiku unatoka jasho? Suruali hii ilikuwa inakutosha? Swali la suruali huleta jibu haraka kuliko la kilo, kwa sababu wengi hawajawahi kupanda mizani.

Wenzako watakwambia, "Huyo anatega." Wapo kweli wanaotega, kukwepa kazi ya shamba au kupata siku moja ya kutoka kwenda hospitali. Lakini joto la mwili, mapigo ya moyo na uzito viandikwe kwanza. Tabia ya mtu haiandikwi kwenye faili la matibabu. Kanuni hizo hizo zinasema uamuzi wa kitabibu ni wa wahudumu wa afya, na askari asiye wa afya haruhusiwi kuutengua. Muuguzi naye asishiriki kutoa adhabu, na mwanamke aliye katika uchungu wa kujifungua asitiwe pingu kamwe. Kuyasema haya mbele ya mtu anayekuzidi cheo kunahitaji moyo, na wauguzi wanaothubutu nawaheshimu sana.

Kifua kikuu ndicho kinachotupima zaidi. Bweni lililojaa, madirisha madogo, watu waliofungiwa pamoja tangu jioni hadi asubuhi: mdudu huyu hahitaji zaidi ya hapo. Mandela mwenyewe aligundulika na ugonjwa huo mwaka 1988 akiwa mfungwa wa gereza la Pollsmoor, Afrika Kusini, akapelekwa hospitali akatibiwa. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na hapa gereza lina nafasi ambayo zahanati nyingi za mtaani hazina. Mgonjwa yupo. Kila asubuhi anameza vidonge mbele yako. Mwezi wa kwanza anakuja ameshikiliwa na mwenzake. Baadaye anakuja peke yake, kikohozi kimetulia, na siku moja mizani inavuka kilo 55, unamwongezea kidonge cha nne kwa sababu mwili umerudi. Mwingine amepimwa shinikizo la damu kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa gerezani. Furaha ya kazi hii iko hapo, na ni kubwa.

Uchungu wake uko getini. Mahabusu huenda mahakamani asubuhi, kesi inafutwa, naye anaondoka zake kutoka hukohuko. Nani atamlaumu? Ila vidonge vyake vimebaki kabatini, na dozi iliyokatizwa inaweza kuzaa kifua kikuu sugu, kitakachoenea nyumbani kwake na kwenye daladala anayopanda. Mgonjwa wa gerezani ni jirani yetu wa kesho, kwa hiyo jambo hili ni la wananchi wote.

Dawa yake haina gharama kubwa. Siku ya kwanza ya dozi, andika namba ya simu ya ndugu na jina la zahanati iliyo karibu na kwao. Barua ya rufaa iandikwe mapema, ibaki tarehe tu. Na orodha ya wanaokwenda mahakamani kesho ipitie zahanati jioni ya leo, ili kila aliye kwenye dozi atoke akiwa na barua yake na vidonge vya siku chache mfukoni.